Vidokezo 8 vya kuandaa pikipiki: Kutoka Kilosa hadi ng'ambo ya mpaka

Umepania kutoka Kilosa, ushike barabara kuu pale Mikumi, upite Iringa na Mbeya, kisha uvuke Tunduma kuingia Zambia au Kasumulu kuingia Malawi? Inawezekana, hata kwa pikipiki ya cc 150. Ila Mikumi hadi Tunduma pekee ni zaidi ya kilomita 600, na chochote kilicholegea kitakuumbua njiani. Kikamate ukiwa bado nyumbani.

1. Maliza makaratasi mapema. Kama kadi ya pikipiki ina jina la mtu mwingine, beba barua yake ya idhini. Mpakani utachukua kibali cha kuingiza chombo kwa muda. Bima ya kawaida huishia mpakani, kwa hiyo mwombe wakala wako Yellow Card ya COMESA. Usiichanganye na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo uchome angalau siku 10 kabla ya safari.

2. Soma tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2325 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2025. Tairi lenye nyufa au lililoanza kuwa kipara libadilishe, hata kama mjini bado linakufikisha.

3. Gonga spoku. Inua gurudumu, lizungushe polepole, gonga spoku mojamoja kwa spana. Iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa mlio mzito. Zilizolegea mpe fundi azikaze, maana ukikaza ovyo rimu itapinda.

4. Cheni na sproketi ziende pamoja. Meno ya sproketi yakichongoka, cheni mpya nayo italika upesi. Badilisha vyote. Cheni ipime ukiwa umekaa juu na mzigo umefungwa, isije ikakaza kupita kiasi.

5. Fanya sevisi kamili. Mwaga oili ya zamani, rekebisha tapeti, angalia plagi na breki shuu, safisha chujio la hewa. Vumbi la Kilosa wakati wa kiangazi huliziba haraka, na injini isiyopumua hula mafuta.

6. Beba spea chache zenye maana. Tyubu mbili, viraka, pampu, waya wa klachi, waya wa mafuta, plagi, fyuzi, balbu na loki ya cheni. Vitu vizito vikae chini, karibu na kiti. Ukivirundika nyuma ya mkia, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inayumba.

7. Fanya jaribio Kilosa hadi Mikumi. Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Funga mzigo wote wa safari, jaza tanki Kilosa, pita Ulaya, jaza tena Mikumi. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza, utajua tanki lako linafika wapi. Ukirudi, shika kila nati na kila kamba: kilichocheza hapo kingekatika mbali na fundi wako.

8. Heshimu Mikumi na Kitonga. Upande wa Morogoro, kabla ya mji wa Mikumi, barabara kuu inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50; ukitoka Kilosa kwa njia ya Ulaya hukipiti kipande hicho, ila ukipitia Morogoro kitakuhusu. Mwisho wa mwendo ni 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na ukigonga mnyama kuna faini. Pita mchana: twiga, nyati na tembo huvuka barabara, na wewe huna bodi ya gari ya kukukinga. Kuelekea Iringa utapanda mlima wa Kitonga; siku ya kurudi, shuka kwa gia ndogo ili breki zisiungue.

Jaribio hilo lifanye walau wiki mbili kabla ya kuondoka, upate muda wa kurekebisha na kujaribu tena. Pikipiki ikirudi Kilosa bila kitu kulegea, panga tarehe ya kuvuka mpaka.