Somo la Mwezi: Mashairi ya Muyaka Yalivyopatikana

Kusoma nyumbani: 2 Wafalme 22:8–13



Katika sura hiyo kuhani Hilkia anakikuta kitabu cha Torati ndani ya nyumba ya Bwana. Hakikuibwa wala hakikwenda mbali. Watu walikuwa wamekisahau tu. Leo tujifunze habari za kazi nyingine iliyokaribia kupotea, kazi ya mtunzi mkubwa wa lugha yetu.

1. Muyaka alikuwa nani?

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alikuwa mtu wa Mombasa. Yasemekana alizaliwa yapata mwaka 1776, akafariki mwaka 1840. Siku zake Wamazrui waliotawala Mombasa walipigana na Sayyid Said wa Oman, hata mji ukatwaliwa mwaka 1837. Muyaka alikuwa upande wa mji wake, na maneno yake yalikuwa silaha. Lakini hakutunga juu ya vita tu. Alitunga pia juu ya mapenzi, urafiki na dhiki. Kabla yake sifa kubwa ilikuwa ya tenzi ndefu za dini. Yeye alilipa heshima shairi la mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, lile lile tulilolifundisha ubaoni miaka yote.

2. Mashairi yalikuwa hatarini kwa nini?

Muyaka hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu. Kila mzee aliyezikwa Mombasa alizikwa na beti alizozijua.

3. Mikono iliyoyaokoa

Wa kwanza ni wenyeji wa Mombasa waliokumbuka. Wa pili ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyakusanya mashairi hayo na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Jina lake ni Sikujua, lakini kama si ujuzi wake sisi ndio tusingejua. Wa tatu ni W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana, ambaye aliyaandika kwa herufi za Kirumi na kueleza maneno magumu. Taylor alifariki mwaka 1927, na karatasi zake zikatunzwa katika chuo cha lugha za Mashariki huko London. Wa nne ni William Hichens, aliyezitumia kutoa Diwani ya Muyaka, iliyopigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Baadaye, mwaka 1979, msomi Mohamed Hassan Abdulaziz alitoa kitabu kingine juu ya Muyaka, mara hii Nairobi.

Tazameni basi: toka kifo cha mtunzi hadi diwani yake ni miaka 100. Mkono mmoja ungekosekana, mnyororo ungekatika. Tena tusimsifu Taylor na kumsahau Sikujua. Mgeni hawezi kuandika asichoambiwa na mwenyeji.

4. Ulaya nako

Mtunzi Mfaransa Hector Berlioz alitunga Misa iliyoimbwa Paris mwaka 1825, kisha akasema ameichoma moto. Mwaka 1991 mwalimu mmoja wa shule, mpiga kinanda, aliikuta nakala yake ndani ya kanisa moja la Antwerp, nchini Ubelgiji, huko juu kwenye kinanda. Mwaka 1993 ikaimbwa tena.

5. Na sisi?

Hapa naungama kosa langu. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, mzee mmoja wa kwaya alikuwa akitunga nyimbo kwa Kihehe. Macho yake yalikuwa yamefifia, akaniomba nimwandikie. Nikamjibu, "Baada ya mitihani, baba." Mitihani ikaisha, ikaja mingine. Siku ya maziko yake tuliimba wimbo wake mmoja kaburini. Ubeti wa kwanza tuliuimba wote. Wa pili hakuna aliyeujua, tukarudia wa kwanza.

Tangu Iringa hadi Mbeya wako wazee wenye nyimbo za Kihehe, Kibena, Kisafwa na Kinyakyusa. Ziko pia daftari za kwaya ndani ya makabati ya sakristia, zinaliwa na panya na mchwa. Leo hata simu ya kijana inarekodi sauti. Haitoshi kurekodi, lakini. Andikeni maneno yote, jina la mtunzi, mahali na mwaka, kisha wekeni nakala mbili mahali pawili.

Maswali ya kujadili

(a) Kati ya mikono ile minne, ni upi unaokosekana katika mtaa wetu?
(b) Ni nani hapa kwetu anayejua wimbo ambao haujaandikwa? Taja jina lake.
(c) Nani atakwenda kwake, na siku gani?

Swali la tatu msilijibu kwa kusema "baada ya mavuno".