Somo la Masini: Kuweka Sistemu Upya Bila Kupoteza Kazi ya Watu



Mara nyingi ordinatere ikianza kuchelewa ao kukataa kuwaka vizuri, tunasikia neno moja tu: "Tuiformate!" Watu wengi wanasema neno hili sawa dawa ya magonjwa yote. Kweli, ni dawa, lakini ni dawa kali. Kama inatumiwa bila akili, masini inapona na kazi ya watu inakufa. Katika ofisi ya shule kazi ile njo points za wanafunzi, majina ya wale wanaojiandikisha kwa Examen d'État, na barua za wazazi. Sisi wa kalasi ya mwisho tutaondoka. Masini zitabaki na ninyi. Kwa hiyo tunapenda tusome jambo hili pamoja, hatua kwa hatua.

1. Sistemu ni nini?

Tufikiri depo moja ya maharagi. Ndani kuko magunia ya watu, na kuko kapita. Kapita anapokea, anapanga, anaonyesha kila mtu gunia lake. Kapita akigonjwa, hakuna mtu atapata kitu, hata kama magunia yangali palepale. Ndani ya ordinatere kapita huyo njo sistemu: Windows, Linux na zingine. Inaongoza diski, klavie, ekra na programu zote. Magunia ni maandiko yetu, picha zetu na hesabu zetu.

Kuweka sistemu upya ni kufukuza kapita mgonjwa na kuleta mwingine. Kuformate ni kufagia depo na kutupa kila kitu kilichomo. Mambo haya mawili hayako sawa, hata kama watu wanayaita kwa jina moja.

2. Kwanza tutafute ugonjwa

Sistemu mpya haiponyeshi kila kitu. Diski inayolia tak-tak inakaribia kufa. Ukiweka sistemu mpya juu yake, itaanguka tena. Masini inayopata moto sana na kuzimika yenyewe, mara nyingi iko na vumbi ndani ya vantilateri. Masini ambayo diski yake imejaa inaomba tu kuondolewa vitu vya bure. Lakini kama virusi vimeshika sistemu, ao umeme ulikatika katikati ya kazi na faili za sistemu zikavunjika, hapo kuweka upya kunafaa.

Kama masini ingali inawaka, kuko njia nyepesi. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, na Windows 11 ya mwaka 2021 ziko na kazi inayoitwa "Réinitialiser ce PC". Inauliza ulizo moja: "Conserver mes fichiers" ao "Supprimer tout". La kwanza linaacha maandiko yako na kuondoa programu ulizoongeza. La pili linaondoa vyote. Hapana kugusa la pili mbele ya kusoma fundisho linalofuata.

3. Kuokoa magunia

Wengi wanafikiri kwamba masini ikikataa kuwaka, maandiko yamepotea. Sivyo. Kapita njo amegonjwa. Tulete kapita wa kukopa. Kapita huyo ni Linux. Mwanzo wake ni mwaka 1991, kazi ya mwanafunzi mmoja wa Helsinki, inchi ya Finland, jina lake Linus Torvalds. Leo Linux iko ya namna mingi. Moja ni Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 na kuongozwa na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni neno la lugha za kusini: maana yake ni utu.

Ubuntu inaweza kuwaka toka kle ya USB, bila kuandika kitu juu ya diski. Mtu anachagua "Essayer", anafungua diski ya masini mgonjwa, na kukopia maandiko juu ya diski ingine ya inje. Ubuntu haiombi feza.

Angalisho: masini zingine za Windows zimefunga diski kwa ufunguo wa siri, unaoitwa BitLocker. Hapo Linux itaomba ufunguo wa hesabu 48. Mwenye masini sherti autafute kwanza, mara nyingi uko katika konti yake ya Microsoft. Bila ule ufunguo maandiko hayatasomeka.

Kukopia hakutoshi. Fungua maandiko mawili ao matatu katika kopi, uone kama yanasomeka. Mtu mwingine afungue vilevile. Kopi ambayo haijafunguliwa bado si kopi, ni tumaini tu.

4. Kuweka sistemu

Vitu vya kutayarisha: kle ya USB ya giga 8 ao zaidi, masini ingine iliyo nzima na intaneti, na umeme wa hakika. Kama ni masini ya kubeba, batri ijae na waya ibaki ndani, juu umeme ukikatika katikati, kazi inarudi mwanzo.

a) Kwenye masini nzima, kamata Windows kwa Microsoft wenyewe na kuiandika juu ya kle. Kila kitu kilichokuwa ndani ya kle kitafutwa. Hapana kukamata Windows iliyopita mikononi mwa watu sokoni. Pengine virusi viko ndani tayari.

b) Ingiza kle katika masini mgonjwa, iwashe, na bonyeza touche ya kuchagua mahali pa kuwakia. Kwa Dell na Lenovo mara nyingi ni F12. Kwa HP ni F9 ao Échap.

c) Kama inaomba ufunguo wa Windows na masini hiyo ilikuwa na Windows 10 ya halali, chagua "Je n'ai pas de clé de produit", kisha chagua aina ileile ya zamani. Ikifika kwenye intaneti itajitambua yenyewe.

d) Chagua "Personnalisé". Hapa diski inaonyeshwa kwa vipande. Hapa njo watu wanaharibu. Soma ukubwa wa kila kipande, andika kwa karatasi. Kipande cha sistemu peke yake njo kinaformatwa. Kipande cha maandiko hakiguswi. Kama huna hakika, simama, uita mwalimu.

5. Kiisha kazi

Acha masini ipate masahihisho yake yote kwa intaneti, ndipo urudishe maandiko. Pima kila kle mbele ya kuifungua, kwani virusi vingi vinapita kwa kle. Tena tujue kwamba Microsoft iliacha kutengeneza Windows 10 bure kwa watu wote tarehe 14 mwezi wa 10, 2025. Windows 11 inaomba memwari ya giga 4, diski ya giga 64 na kitu kinachoitwa TPM 2.0, ambacho masini mingi ya zamani haziko nacho. Kwa masini kama zile, Linux inaweza kuwa kapita wa kudumu, si wa kukopa tu.

Basi, tunaomba neno moja kwa wote, wakubwa na wadogo: masini ya shule isiformatwe mbele ya kopi mbili kufanywa na watu wawili kuzifungua. Sistemu inapatikana tena kwa siku moja. Points za mwaka mzima, nani atazikumbuka?

Maulizo ya kujipima
1. Kuweka sistemu upya na kuformate: tofauti ni nini?
2. Taja magonjwa mawili ambayo sistemu mpya haiwezi kuponyesha.
3. Masini haiwaki na maandiko yangali ndani. Utaanza na nini?
4. Juu ya nini tunaandika ukubwa wa vipande vya diski kwa karatasi?

Mkubwa wa wanafunzi, kwa jina la kalasi ya mwisho