Sungura wa Porini na Furaha ya Watu Wazima

Katika nchi ya Nzilo, karibu na Kolwezi, mto Lualaba hupita katika mabonde membamba ya mawe. Hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulijengwa ukuta mkubwa wa kuzuia maji, ili nguvu yake igeuzwe kuwa umeme kwa kazi ya shaba. Nyuma ya ukuta maji yalitanda, yakawa ziwa. Wavuvi hupata samaki humo, na kandokando yake kuna mashamba ya mihogo na mahindi. Mbele zaidi ni msitu wa miombo, ingawa msitu huo unapungua kwa shoka la wachoma makaa. Katika manyasi yaliyo kati ya mashamba na msitu hukaa mnyama mdogo mwenye masikio marefu. Kwa Kiswahili ni sungura. Wabemba na Wakaonde humwita kalulu.

Tazameni watu warudipo jioni kutoka mashambani au machimboni. Miguu imechoka, nguo zimejaa vumbi, na mazungumzo ni ya madeni na bei ya unga. Ghafula sungura atoka manyasini, aketi katikati ya njia, asimamisha masikio, pua yake ikitikisika. Wote husimama. Mzee aliyekuwa akinung'unika hunyamaza. Mama mwenye mzigo kichwani hucheka bila kutoa sauti. Mtu mwenye wajukuu hunyosha kidole na kunong'ona, "Tazama! Tazama!" kana kwamba hajaona sungura tangu azaliwe, na labda amekwisha kula wengi. Kisha sungura aruka, aenda huku na huku kama aliyepotewa na njia, atoweka. Watu huendelea na safari yao, na kwa muda kidogo hakuna anayetaja madeni.

Wako wanaoona haya kwa kicheko hicho. Husema kwamba furaha ya namna hii ni ya watoto, na mtu mzima ana mambo makubwa ya kufikiri. Na wako wanaosema neno gumu zaidi: mnyama ni nyama, na anayesimama kumkodolea macho sungura badala ya kumpiga rungu, watoto wake watalala bila kitoweo. Neno hili la pili halifai kudharauliwa, maana njaa si mchezo. Tena Mkristo hakukatazwa kula sungura.

Waliokatazwa ni Waisraeli wa zamani. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 11, sungura ahesabiwa pamoja na wanyama wanaocheua lakini wasio na kwato zilizopasuka, na kwa hiyo ni najisi kwao. Baadhi ya wasomi walicheka habari hiyo, wakisema kwamba sungura hacheui. Ni kweli hana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe. Lakini hufanya jambo linalofanana na kucheua. Majani anayokula yakipita tumboni mara ya kwanza, sehemu yake hutoka laini, naye huila tena papo hapo, apate nguvu iliyobaki ndani yake. Zile punje kavu za mviringo zionekanazo njiani ndizo asizozihitaji tena. Basi watu wa kale, waliomwona sungura amejilaza huku taya zake zikitafuna, walikuwa na macho mazuri kuliko wale waliowacheka.

Turudi kwenye ile furaha. Yatoka wapi? Mwaka 1943 mtaalamu mmoja wa Austria, Konrad Lorenz, aliyechunguza tabia za wanyama na ambaye mwaka 1973 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na wenzake wawili, aliandika juu ya alama zinazouvuta moyo wa mtu mzima kwa mtoto mchanga. Alizitaja: kichwa kikubwa kuliko kadiri ya mwili, paji la uso lililojitokeza, macho makubwa, mashavu ya mviringo, viungo vifupi vinene. Mtu azionapo alama hizo, moyo hulainika kabla hajafikiri neno lolote. Ni vizuri iwe hivyo, maana mtoto wa binadamu hawezi kujilisha wala kujikinga, na asipopendwa atakufa. Lakini moyo hauulizi kwanza kama aliye mbele yake ni mtoto wa binadamu. Ukimwona kiumbe mwenye macho makubwa, mashavu ya mviringo na manyoya laini, hulainika vile vile. Kwa hiyo yule babu anayenong'ona njiani hajapungukiwa na akili. Moyo uliowalea watoto wake ndio unaoamka.

Hata mikono huamka. Mwaka 2012 Hiroshi Nittono na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hiroshima, Japani, walitangaza jaribio lao. Waliwaonyesha wanafunzi picha za watoto wa mbwa na wa paka, na wengine wakaonyeshwa mbwa na paka wakubwa. Kisha waliwapa kazi ya kutoa vitu vidogo ndani ya matundu kwa kibano, bila kugusa kando. Waliotazama picha za wale wadogo walifanya kazi yao kwa uangalifu zaidi kuliko walivyoifanya mwanzo. Inaonekana kwamba furaha hiyo humfanya mtu ajizuie, kama anayebeba yai.

Wakatekumeni watakumbuka habari iliyo katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, jinsi mitume walivyotaka kujua nani mkubwa, naye Bwana akamwita mtoto mdogo, akamsimamisha katikati yao. Mtu anayeweza kusimama njiani kwa ajili ya kiumbe asicho na faida kwake, kwa dakika hiyo amesahau ukubwa wake.

Katika hadithi zetu, hata hivyo, sungura si mtoto. Ni mjanja anayemshinda simba na kumdanganya fisi. Hadithi hizo husimuliwa kutoka pwani ya Unguja hata Katanga, na Waafrika waliopelekwa utumwani walikwenda nazo Marekani, ambako mwandishi Joel Chandler Harris alizikusanya na kuzitoa kitabuni tangu mwaka 1880. Wazee walimchagua mnyama asiye na pembe wala meno makali awe mshindi, nao waliomsikiliza usiku walikuwa wanyonge vile vile. Labda kicheko cha wale watu njiani kina kidogo cha hayo: wamemwona mtu wao.

Lakini yafaa kumjua sungura mwenyewe. Yule anayefugwa katika vibanda ni wa ukoo mwingine; asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Huyo huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa humo wakiwa uchi, macho yamefumba. Sungura wa manyasi yetu hachimbi. Hulala mchana juu ya ardhi, katika kitanda kidogo alichokikandamiza kwa mwili wake kati ya majani, masikio ameyalaza mgongoni. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hata huweza kuona karibu pande zote bila kugeuka. Mtu humpita kwa hatua mbili asimjue. Usiku ndipo anapotoka kula.

Na watoto wake je? Huzaliwa na manyoya tayari, macho yamefumbuka. Mama hakai nao. Huwaacha wamejificha manyasini, kila mmoja kimya kabisa, naye huenda mbali, maana harufu yake na nyendo zake zingewaonyesha adui mahali walipo. Jua likiisha kuzama hurudi, huwanyonyesha kwa dakika chache, huenda zake tena. Maziwa yake ni mazito sana yenye mafuta mengi, na mara moja kwa siku yatosha.

Hapa furaha ya watu wazima huweza kuleta msiba. Mtu analima, jembe lasimama karibu na kifurushi kidogo cha manyoya kisichotikisika. Kina macho makubwa. Kinaenea katika kiganja cha mkono. Moyo unalainika, kama tulivyosema. Mlimaji atazama huku na huku, hamwoni mama. Asema: Maskini, ni yatima! Basi amchukua, ampeleka nyumbani ndani ya kofia, na nyumba nzima yashangilia. Watoto wapokezana kumshika. Mama wa nyumba atafuta maziwa. Mbwa afungwa kamba.

Je, sungura huyo ni yatima? Siye. Mama yake yuko hai, amelala mahali pengine akingoja giza. Je, hatembei kwa sababu ni mgonjwa? La, kutotembea ndiyo ngao yake ya pekee. Je, ametulia mkononi kwa kuwa amependa kushikwa? Ametulia kwa hofu. Maziwa ya ng'ombe au ya kopo hayafanani na ya mama yake. Tumbo huharibika, huharisha, na mara nyingi hafiki siku nyingi. Watoto hulia, na wazee nao huhuzunika kweli, wala hakuna aliyemtakia mabaya. Mwindaji aliyempiga rungu sungura mkubwa alipata angalau kitoweo.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alijua kufurahi na kuachilia. Habari zake ziliandikwa na Thomas wa Celano, miaka michache tu baada ya Mtakatifu kufa mwaka 1226. Katika mji wa Greccio, ndugu mmoja alimletea sungura mdogo aliye hai, aliyenaswa mtegoni. Fransisko alimhurumia, akamwita ndugu, akamwuliza kwa nini amekubali kudanganywa hivyo. Sungura alipoachiliwa alimkimbilia Mtakatifu, akajificha kifuani pake. Fransisko akampapasa kama mama, kisha akamweka chini aende zake. Sungura akarudi. Akamweka tena chini, akarudi tena. Mtu mwingine angalisema, "Amenichagua mimi, basi ni wangu." Fransisko akamwagiza ndugu mmoja ambebe mpaka msitu wa karibu. Wafransisko waliofanya kazi ya misioni upande wa Kolwezi katika karne ya 20 walikuwa wa shirika lake.

Liko jambo kubwa kuliko mkono wa mlimaji, nalo ni moto. Wakati wa kiangazi wengine huwasha manyasi ili kuwatoa wanyama, au kusafisha shamba, au kwa mazoea tu. Sungura mkubwa hukimbia. Mdogo hufanya alichofundishwa na asili yake: hulala kimya. Ngao iliyomficha asionekane na mwewe na mbwa mwitu haifai kitu mbele ya moto. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, nchi ya Zambia, mwaka 1933, katika msitu wa miombo kama huu, yalionyesha kwamba moto wa mwisho wa kiangazi, manyasi yakiwa makavu kabisa, huua miti na machipukizi mengi kuliko moto wa mwanzo wake. Basi anayelazimika kuchoma na achome mapema, manyasi yangali na ubichi, kwa vipande vidogo, kukiwa na watu wa kuulinda moto, naye apite kwanza kwa miguu akipiga majani kwa fimbo.

Na ikiwa mtoto amekwisha kumleta nyumbani sungura mdogo, asipigwe, maana amefanya kama babu yake angefanya. Aulizwe tu: Ulimwokota wapi? Mtu mzima amfuate siku ile ile, kabla ya jua kuzama, mpaka kwenye kisiki kile au mstari ule wa mihogo, wamweke mahali pale pale, wafunike kidogo kwa majani, waondoke na mbwa wao. Mama hatamkataa kwa sababu ya harufu ya mikono. Wanaotaka kumwona akirudi wakae mbali sana, upande upepo unakoelekea, wasiongee. Nao wajue kwamba pengine giza litaingia kabla hawajaona kitu.