Kulinganisha Zana za Kupanga Midundo ya Ngoma kwenye Kompyuta

Mtahiniwa anapoambiwa alinganishe zana mbili, mara nyingi huzimaliza sifa za moja, kisha akaanza za nyingine. Huko ni kueleza, si kulinganisha. Shika kigezo kimoja, zipitishe zana zote hapo, ndipo uende kigezo kinachofuata.

Zana ya kwanza ni gridi ya hatua. Katika FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, kila chombo kina mstari wake wa hatua, kwa kawaida 16. Ukibonyeza hatua, ngoma inalia hapo. Mtindo huu ulikuwepo tayari kwenye mashine ya Roland TR-808 ya mwaka 1980. Hydrogen na LMMS, ambazo ni za bure, nazo zina gridi.

Zana ya pili ni piano roli. Hapa kila pigo huchorwa kwenye mstari wa muda, na unaweza kulisogeza mbele au nyuma kidogo, kama afanyavyo mpigaji wa kweli. Zipo pia padi za kugonga kwa vidole, lakini hizo zinahitaji kifaa cha ziada.

Kigezo kinachowapotosha wengi ni mgawanyo wa mapigo. Tuseme umerekodi ngoma Bariadi, kwenye mashindano ya Wagika na Wagalu, ukasikia kila pigo kuu limegawanyika mara tatu. Kipimo chenye mapigo makuu manne kitakuwa na hatua 4 × 3 = 12. Ukiilazimisha ngoma hiyo kwenye hatua 16, 16 ÷ 3 haitoi namba kamili, na mdundo utachechemea. Dawa si kuhama programu. Punguza urefu wa mpangilio uwe hatua 12. Mapigo makuu yatakaa hatua ya 1, 4, 7 na 10. Ngoma nyingine ikipiga mara tatu katika kipimo hichohicho, iweke hatua ya 1, 5 na 9.

Angalia mwendo pia. Programu huhesabu hatua 4 kwa pigo moja, wewe sasa unazo 3. Ukitaka mapigo makuu 100 kwa dakika, unahitaji hatua 300 kwa dakika; 300 ÷ 4 = 75. Andika 75, si 100. (Wanaoandika 100 husikia ngoma ikikimbia, wakadhani rekodi ndiyo mbovu.)

Swali: Mtayarishaji anatengeneza singeli yenye mwendo wa mapigo 240 kwa dakika. Kati ya gridi na piano roli, atumie ipi? Toa sababu moja.

Jibu: Gridi. Hatua moja huchukua sekunde 60 ÷ (240 × 4) = 0.0625. Kwa kasi hiyo nafasi ya kusogeza pigo ni ndogo mno, na mdundo unaojirudia hupangwa haraka zaidi kwa hatua. Piano roli ingemfaa zaidi kama angekuwa anaiga ngoma ya mwendo wa polepole, ambapo kuchelewa kidogo kwa mkono wa mpigaji husikika.

Jibu la “piano roli” nalo hupata alama endapo sababu yake inagusa muda wa hatua. Jibu la “kwa sababu ni nzuri” halipati kitu.