Mwarobaini: Dawa ya Shamba, Si Dawa ya Homa ya Mtoto



Mwarobaini asili yake ni Bara Hindi, na leo umeenea sana Pwani yetu. Watu husema unatibu magonjwa arobaini, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Sisi tunausifu kwanza kwa kazi ya shambani.

Tutengeneze dawa hivi:

1. Tumenye mbegu zilizokauka, tutwange viini gramu 500.
2. Tuloweke usiku kucha katika maji lita 10.
3. Tuchuje kwa kitambaa, tutie sabuni kidogo.
4. Tunyunyizie sukuma wiki jioni, maana jua huharibu nguvu yake.

Wadudu hawafi papo hapo. Wanaacha kula, na wachanga hawakui. Basi tusikate tamaa mapema.

Lakini tahadhari! Mafuta ya mwarobaini yamewahi kudhuru watoto wachanga walionyweshwa. Mama mjamzito pia asinywe. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe malaria. Tukingoja majani yachemke, tutampoteza.

Tujadiliane: Nani atakusanya mbegu? Na usiku mtoto akiugua, nani atamsindikiza mama yake?