Skauti na Makadeti wa Anga: Ushirikiano Unaanzia kwenye Karatasi

Mkazi wa Nyeri aliyewahi kupita karibu na Kanisa la Mtakatifu Petro huenda ameliona kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliyefariki hapa Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Wageni waliovaa skafu shingoni huja kutoka nchi nyingi kulitazama. Kwenye jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kumaanisha kwamba amekwenda nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1941 ulizaa vijana wa aina nyingine. Mwezi Februari Uingereza iliunda kikosi cha makadeti wa anga, na tarehe 1 Desemba Marekani ikaanzisha Civil Air Patrol, yaani CAP, shirika la marubani wa kujitolea. Mwaka uliofuata CAP ilifungua mlango kwa vijana. Tangu wakati huo, katika miji mingi ya Marekani, skauti na makadeti wa anga wamekuwa wakiishi mtaa mmoja, mara nyingi wakiwatafuta watoto walewale. Somo hili linaeleza jinsi pande hizo mbili zinavyoweza kufanya kazi pamoja, kwa sababu mzazi wa hapa ambaye mtoto wake ni skauti na anaota kuwa rubani anaweza kujifunza jambo kutoka huko.

Tuanze na umri. Skauti wa ngazi ya kati Marekani huwa na miaka 11 hadi 17, na tangu mwaka 2019 wasichana pia wamo. CAP humwandikisha kadeti kuanzia miaka 12 hadi kabla hajatimiza 19, naye anaweza kubaki hadi afikishe 21. Kwa hiyo kuna miaka kama sita ambapo mtoto mmoja anaweza kuwa katika makundi yote mawili. Kiongozi mwenye wivu huiona miaka hiyo kama hasara: mtoto akienda kwa makadeti Jumanne, ataacha skauti Alhamisi. Kiongozi mwenye busara hutazama kile ambacho kila upande hauna.

Skauti wana wingi wa watoto, kambi, huduma ya kwanza na mazoea ya kulala porini. Hawana ndege. CAP ina zaidi ya ndege 500 ndogo, nyingi zikiwa Cessna za injini moja, na ina watu wazima wanaojua hali ya hewa, redio na ramani za anga. Kadeti wake ana nafasi ya safari tano za ndege yenye injini na tano za glaida, ile ndege isiyo na injini, ili aonje urubani bila kulipa. Lakini kikosi cha kadeti huwa kidogo, na si kila mtoto wa mjini anajua kuwasha moto kuni zikiwa mbichi.

Mahali ambapo ujuzi huu hukutana vizuri zaidi ni kazi ya kutafuta waliopotea. Jeshi la Anga la Marekani huikabidhi CAP sehemu kubwa ya utafutaji wa ndege zilizoanguka ndani ya nchi. Ndege hubeba kifaa kinachotuma ishara ya redio inapogonga ardhi. Rubani huifuata ishara hiyo kutoka juu, lakini anayefika kwenye mabaki ni timu ya miguu, na humo wamo makadeti wenye mafunzo, mkoba wa kukaa nje saa 24 na kifaa cha mkononi cha kuonyesha ishara inatoka upande gani. Kijana aliyelelewa kwenye uskauti huingia katika timu hiyo akiwa tayari anajua kutembea usiku, kufunga mfupa uliovunjika na kukaa alipoambiwa akae.

Dira nayo ni mfano mzuri. Skauti hufundishwa kwamba kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani si kitu kimoja. Hapa Nyeri tofauti ni ndogo, mwalimu anaweza kuipuuza na kundi likafika salama. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani tofauti hupita digrii 10, na rubani asiyeihesabu atatua uwanja mwingine. Somo moja linalofundishwa kwa skauti na kadeti pamoja, kwanza uwanjani kwa miguu kisha juu ya ramani ya anga, huwafaa wote, wala halihitaji hata lita moja ya mafuta.

Basi mbona ushirikiano mwingi hufa baada ya sherehe ya kwanza? Mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyeuliza nani anatia sahihi. Chukulia beji ya usafiri wa anga ya skauti. Afisa wa CAP anaweza kujua ndege kuliko skauti wote wa jimbo, lakini hawezi kuidhinisha beji hiyo mpaka yeye mwenyewe asajiliwe na skauti kama mshauri wa beji. Vivyo hivyo, zile safari kumi za bure zimepangwa kwa kadeti aliyeandikishwa, wala skauti hapati kiti kwa kuwa tu amekuja na rafiki. Skauti asiyetaka kuwa kadeti ana njia nyingine: tangu 1992, chama cha EAA kina mpango wa Young Eagles ambapo marubani wa kujitolea huwarusha bure watoto wa miaka 8 hadi 17, mzazi akiwa ametia sahihi. Zaidi ya watoto milioni 2 wameshapanda.

Usalama wa mtoto haugawanywi. Skauti wa Marekani wanadai watu wazima wawili waliosajiliwa, wenye umri usiopungua miaka 21, katika kila shughuli. CAP nayo ina sheria yake ya watu wazima wawili waliofunzwa kulinda watoto. Makundi mawili yakikutana, hesabu hizo hazichanganywi. Kila upande huleta watu wake wawili, hata kama banda la ndege litajaa watu wazima.

Kuna pia suala la jeshi, ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini. CAP ni msaidizi rasmi wa Jeshi la Anga tangu 1948, na makadeti huvaa sare na kupiga gwaride. Skauti si jeshi. Hata hivyo kadeti halazimiki kujiunga na jeshi, na akitaka, akiwa amepata tuzo ya Billy Mitchell anaweza kuanza Jeshi la Anga katika daraja la tatu badala ya la kwanza. Mzazi aelezwe haya mapema, asiyagundue siku ya gwaride.

Kwetu, usafiri wa anga ni jukumu la serikali ya kitaifa, na leseni hutolewa na KCAA: miaka 16 kwa rubani mwanafunzi, 17 kwa leseni ya rubani binafsi. Kaunti haiwezi kumrusha mtoto wako. Kinachowezekana katika ngazi ya kaunti ni ukumbi, uwanja, na nafasi ya kuwakutanisha viongozi wa skauti na marubani walio tayari kufundisha. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya ruhusa, uliza: shughuli hii ni ya nani, watu wazima wawili ni akina nani, rubani ana leseni gani, na bima inamfikia mtoto au ndege peke yake? Kiongozi asiyeweza kujibu maswali hayo manne apewe muda akajiandae, na mtoto asubiri nyumbani.