Somo la Jamaa: Ndugu wa Mtoto Mgonjwa
Andiko: Yohana 11:1-36

Aliyeugua ni Lazaro, lakini Yesu aliwasikiliza pia dada zake, Martha na Maria, akalia pamoja nao.

Mwaka 1988, mwigizaji Paul Newman alifungua kambi Connecticut, Marekani. Si kambi ya wakimbizi. Ni mahali ambapo watoto wenye kansa na magonjwa mengine mazito huenda kucheza bila kulipa. Ndugu zao nao hupewa siku zao.

Kutoka Nchelenge, matibabu ya kansa ni mbali, Lusaka. Mama akienda na mgonjwa, watoto wengine hubaki. Wengine huwaza moyoni: “Nitaambukizwa? Ni mimi niliyemletea?” Tuwaambie kweli: kansa haiambukizwi kwa kula wala kulala pamoja, na si kosa la mtoto yeyote.

Tusingoje kambi. Tuwaalike wale nasi, wacheze na wenzao, waulize na kulia.

Swali la kujadili: Katika mtaa wetu, ni mtoto gani amebaki nyumbani, na nani atamtembelea juma hili?

Bwana awabariki.